Msafara wa bajaji Tanga hadi Pangani wakati wa kiangazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kiangazi kikianza, simu nazo huanza: mnaondoka lini, ni kiasi gani, mbona bajaji na si gari. Majibu ni haya. Anayekuja na bajaji yake asome yote. Anayekuja kama abiria anaweza kuruka mambo ya gia na matairi, ingawa akishuka kusukuma mchangani atajuta kidogo.

Safari yenyewe ni ipi?

Ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi, kundi la bajaji kutoka Tanga mjini hadi Pangani. Kwa njia kuu ni kilomita 50 hivi. Sisi hatunyooshi: tunachepuka Tongoni kwenye magofu, tunaingia Kigombe, na katikati tunapita njia za vumbi za mashamba ya mkonge. Mpaka kurudi mjini unakuwa umekula kama kilomita 120. Tunakutana Ngamiani saa 12 asubuhi, tunaondoka saa 12:30, na magharibi itukute tumesharudi. Kwa Pangani sisi ndio waja leo waondoka leo.

Nimeambiwa mnapita jangwani. Tanga kuna jangwa?

Hakuna. Jangwa kwa kawaida huhesabiwa pale ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250, na Tanga hupata zaidi ya 1,000. Wanaosema jangwa wameona picha za Januari na Februari: vuli imekatika, masika hayajafika, kaskazi inavuma, nyasi zimegeuka kahawia na vumbi jekundu limetanda juu ya mistari ya mkonge hadi macho yanapokoma. Kwenye picha unaweza kudanganyika. Ukifika, bahari iko hapo hapo nyuma ya minazi.

Mwenye hamu ya jangwa la kweli kwa magurudumu matatu aende India, jimbo la Rajasthan, mji wa Jaisalmer ndani ya jangwa la Thar. Huko bajaji ni usafiri wa mjini kama hapa kwetu. Wengine hutuuliza mbona hatupandi kwenye nyika kavu ya Mkomazi. Kwa sababu njia ya kwenda huko ni barabara kuu ya mabasi na malori, na bajaji ikipitwa na basi la kasi inayumba kama imesukumwa na mtu. Hapo hatupeleki watu.

Kwa nini mashamba ya mkonge, wakati siku hizi kuna barabara nzuri?

Barabara ya Tanga–Pangani imekuwa ikijengwa kwa lami, ni sehemu ya ile barabara ndefu ya pwani inayotoka Bagamoyo kupitia Makurunge na Saadani. Ni jambo jema kwa wakazi. Lakini lami inakufikisha Pangani kabla chai haijashuka tumboni, na hujaona kitu.

Mkonge ndio sababu ya nusu ya mambo unayoyaona Tanga, na watu wengi wanaupita kila siku bila kuuangalia. Haukuota hapa wenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka miche hiyo 62 nchi ilifika mahali pa kuzalisha tani 230,000 hivi kwa mwaka, na hiyo ilikuwa 1964, kabla kamba za nailoni hazijauvunja mgongo. Asili yake ni nchi kavu ya Meksiko, ndiyo maana kiangazi hakiutishi: vitundu vya majani yake hufunga mchana na kufunguka usiku, maji yasipotee. Kiangazi kila kitu kimenyauka, mkonge peke yake umesimama kijani kilekile. Ukiona umetoa mlingoti mrefu katikati, mita kadhaa juu, ujue ndiyo mwisho wake. Unachanua mara moja, unakufa.

Njia za mashambani ni za watu. Tunaomba ruhusa kwanza, na siku tukiambiwa kuna ukataji au matrekta tunabaki njia kuu bila kunung'unika.

Bajaji inaweza mchanga?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, na jibu ni: inaweza, ila kwa akili tofauti na ya gari au pikipiki.

Tazama njia yoyote ya mchanga iliyopitwa na magari. Kuna mifereji miwili ya matairi na tuta katikati. Gari linaweka miguu yake ndani ya mifereji yote miwili. Pikipiki inachagua mmoja. Bajaji haina pa kukaa: upana wake ni mdogo kuliko wa gari, kwa hiyo gurudumu moja la nyuma likiingia mferejini la pili linapanda tuta, na lile la mbele, ambalo ndilo linaloongoza, linalima katikati kwenye mchanga mlaini kuliko wote. Dereva mgeni anahisi usukani unamvuta upande, anaurudisha kwa nguvu, gurudumu la mbele linalala mchangani na bajaji inasimama.

Tunavyofanya sisi: acha upande mmoja wote upande ukingo mgumu wa njia, penye nyasi, na upande wa pili uwe juu ya tuta. Mferejini usiingie kabisa. Ingia na gia ya pili kabla ya mchanga, sio ukiwa katikati, kwa sababu ukiminya klachi tu imekwisha. Mafuta yawe yaleyale, usiongeze ghafla. Breki usiguse, mchanga wenyewe ni breki. Mikono ilegee kidogo, iache icheze, mradi inaelekea mbele.

Ikikwama, zima hamu ya kuongeza mafuta. Nguvu ya injini inakimbilia gurudumu lenye wepesi, hilo linazunguka bure na kujichimbia, na lenzake limetulia kama halihusiki. Abiria washuke. Fukua mbele ya magurudumu ya nyuma, tandika gunia la katani chini ya lile linalozunguka, mtu mmoja akandamize upande huo kwa uzito wake, wengine wasukume kutoka nyuma, sio kutoka pembeni. Kila bajaji kwenye msafara hubeba magunia mawili. Ya plastiki hayafai, yanateleza. Huu ni mkoa wa mkonge, mtu asituambie amekosa gunia la katani.

Nipunguze upepo kwenye matairi?

Kidogo sana, na uwe na pampu ya kurudishia. Wanaoendesha jangwani hupunguza upepo ili tairi litanuke na kukanyaga eneo kubwa. Kanuni ni ya kweli, lakini wenzetu wale wana matairi makubwa. La bajaji ni 4.00-8, dogo, lina tyubu ndani. Ukilitoa upepo kupita kiasi na abiria watatu wamekaa nyuma, tairi linazunguka juu ya rimu, tyubu inavutwa na valvu inang'oka. Hiyo si pancha ya kuziba, ni tyubu mpya. Mimi napendelea kushusha abiria kuliko kushusha upepo.

Habari njema ni kwamba matairi yote matatu ni saizi moja, kwa hiyo spea moja inakaa popote. Kagua miiba kila tunaposimama. Mwiba wa ncha ya jani la mkonge ukikauka unaingia kwenye mpira polepole: asubuhi tairi zima, mchana linalegea, wala husikii mlio wowote. Pitisha kiganja juu ya tairi taratibu; utauhisi kabla ya kuuona.

Bajaji si huanguka kwenye kona?

Huanguka ikiendeshwa vibaya. Ina gurudumu moja mbele, maana yake pembe mbili za mbele hazina kitu chini. Ukishika breki huku unakata kona, uzito wote unakimbilia pembe ya mbele ya nje, na pale hakuna cha kuupokea. Kwa hiyo breki inashikwa kabla ya kona, njia ikiwa bado imenyooka, kisha unakata bila breki. Mizigo ikae chini, nyuma, sio juu ya turubai. Abiria wakae, hakuna kuning'inia mlangoni kupiga picha. Hili tunalisema asubuhi kabla ya kuondoka, na anayening'inia hata hivyo hupandishwa bajaji ya mwisho, ya mzee wetu wa mkiani, ambaye hana mchezo.

Mwendo ni wa kasi gani, na kundi linakaaje?

Kilomita 35 hadi 40 kwa saa kwenye njia nzuri, mchangani mwendo wa mtu anayetembea haraka. Mwendo wa msafara unapangwa na bajaji ya nyuma, wala kiongozi hana usemi hapo.

Mbele anakaa anayeijua njia. Nyuma yake tunaweka bajaji iliyo dhaifu kuliko zote, sio mwisho kama watu wanavyodhani. Ikiwa mwisho itaachwa, ikiwa ya pili wote wataifuata. Mkiani anakaa fundi na spana zake. Kwenye vumbi acha nafasi mpaka uone njia mbele yako, hata kama ni mita 100. Upepo wa kaskazi ukipiga vumbi kutoka ubavuni unaweza kusogea karibu kidogo. Ukilivumisha kutokea nyuma linakuandama, hapo ni kusimama tu lipungue.

Kila dereva ana mtu mmoja wa kumwangalia: aliye nyuma yake. Ukifika njia panda, simama mpaka yule wa nyuma akuone unakokata. Akikawia, simama. Wa mbele yako naye atakuona umesimama, atasimama. Hivyo msafara mzima unajisimamisha wenyewe bila simu. Tulianza na simu. Mtu anaendesha mkono mmoja, mwingine hana chaji, mwingine mtandao umemkatikia shambani.

Nahitaji leseni gani?

Ya udereva yenye daraja la bajaji, A2. Ya pikipiki peke yake haitoshi. Bima iwe hai, na bajaji ya biashara iwe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kwa kuwa tunatoka nje ya mji, ulizia mapema kama leseni hiyo ya LATRA inakuruhusu kufika Pangani. Usingoje kuulizwa na askari njiani. Abiria ni watatu, hata kama wa nne ni mwembamba.

Mchango ni kiasi gani?

Unatangazwa wiki ya safari. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutoa bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, nasi tunapiga hesabu baada ya hapo. Bajaji nzima yenye mzigo wa watu tunaihesabia kilomita 25 kwa lita, hivyo lita tano zinatosha safari na tunaweka moja ya akiba kwa ajili ya mchanga. Tangi la kawaida ni lita 8, ukijaza Tanga huna haja ya dumu kwenye kiti. Tafadhali usije na dumu la petroli ndani ya bajaji yenye watu. Mchango unalipa mafuta, fundi na chakula cha mchana. Kiingilio cha magofu kila mtu anajilipia.

Tongoni kuna nini cha kutusimamisha?

Msikiti wa kale uliobaki kuta, na makaburi yenye nguzo ambayo hutayaona mengi hivyo mahali pamoja kwenye pwani yote hii. Mji wenyewe zamani uliitwa Mtangata. Aprili 1498 msafara wa Vasco da Gama ulipita hapa, na meli yao moja, São Rafael, ikapanda mwamba. Waliinasua, lakini waliporudi kutoka India Januari 1499 watu wao wengi walikuwa wamekufa, mabaharia hawatoshi, wakaichoma moto maeneo haya haya. Tunakaa kama saa moja. Usiegemee nguzo, usipande juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Ni makaburi ya watu.

Na Kigombe?

Chai ya pili. Ni kijiji cha wavuvi, na pwani hii ndiyo yenye yule samaki silikanti ambaye ulimwengu uliamini ameshatoweka tangu enzi za dinosau mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hifadhi ya bahari kwa ajili yake ilianzishwa hapa 2009. Usitegemee kumwona; anakaa kwenye maji ya kina kirefu, na anayekwambia atakuonyesha anakutania. Utakachopata ni dafu, muhogo na pweza, na hayo yanatosha.

Tukifika Pangani tunafanya nini?

Tunakula. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na kivuli. Injini nazo zipumue, kwa sababu zile zinazopozwa kwa hewa zinakuwa zimechemka. Baadaye anayetaka hutembea mji wa zamani: boma, milango ya nakshi, na mto wenyewe unaoshusha maji kutoka Kilimanjaro na Meru. Pangani ndiko vita vya Abushiri bin Salim vilikowaka mwaka 1888, na ndiko Wajerumani walikomnyonga Desemba 1889. Wazee wa pale wanaisimulia vizuri kuliko mimi. Kaa nao, sikiliza.

Tunavuka mto kwenda upande wa Bweni, au kuendelea hadi Saadani?

Bweni, kwa miguu, kama muda upo. Saadani hapana. Hifadhi ya wanyama si mahali pa chombo kilicho wazi pande zote mbili.

Tunaweza kuendesha ufukweni? Mchanga wa pwani ukilowa si mgumu?

Mgumu, ndiyo, mpaka uusimamie. Ukisimama dakika chache magurudumu yanazama, na wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita tatu kati ya kupwa na kujaa. Hayangoji fundi. Chumvi nayo itakula bodi yako kwa miezi, taratibu. Hatuendeshi ufukweni, na wenye nyavu wanatushukuru.

Nivae nini? Nibebe nini?

Nguo nyepesi za mikono mirefu, viatu vya kufunga, miwani, na kitambaa cha kufunika pua. Leso au kanga inafanya kazi hii vizuri kuliko barakoa, ukiilowesha kidogo. Akina dada na akina mama: pindo la buibui, mtandio na ncha za kanga viwekwe ndani kabisa, chini ya paja. Nguo inayopepea nje ya bajaji inatafutwa na gurudumu la nyuma.

Maji lita tatu kwa kila mtu, sio kwa kila bajaji. Machungwa ya Muheza ukiyapata ni bora kuliko soda. Bajaji ina upepo, huhisi jasho, unadhani hujachoka; kichwa kikianza kugonga ujue umechelewa kunywa. Mwenzako akianza kuongea ovyo, ngozi ina moto na jasho limekata, hiyo si uchovu: kivulini, lowesha mwili mzima, pepea, na safari ya hospitali ianze hapo hapo.

Kukitokea ajali?

Msafara wote unasimama, hakuna wa kutangulia. Fundi ana sanduku la huduma ya kwanza. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Majeruhi mdogo tunampeleka kituo cha afya cha karibu, mkubwa ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa gari sio kwa bajaji.

Watoto na wajawazito?

Mjamzito hapana, tusamehe. Njia inaruka sana. Mtoto anayeweza kukaa kiti chake mwenyewe aje, akae katikati ya watu wazima wawili. Kupakata haturuhusu.

Sala na Ramadhani?

Adhuhuri tunasali Pangani, alasiri njiani au tunachanganya, kila mtu na utaratibu wake. Ijumaa hatusafiri, na mwezi wa Ramadhani hakuna msafara. Wakristo wenzetu walituomba tusiweke Jumapili asubuhi, kwa hiyo ni Jumamosi.

Mvua ikinyesha?

Ya rasharasha tunaenda, inatuliza vumbi. Ikinyesha usiku kucha tunaahirisha, maana udongo mwekundu wa mashambani ukilowa unajaza nafasi kati ya tairi na bodi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Machi hadi Mei hatupangi safari kabisa.

Sina bajaji wala sijui kuendesha. Naweza kujifunzia kwenye msafara?

Hapana. Gia zake zinazungushwa kwa mkono wa kushoto pamoja na klachi, na mtu wa gari humchukua muda kuacha kutafuta klachi kwa mguu. Njoo kama abiria. Kujifunza, tafuta dereva wa mtaani kwenu na uwanja mtupu, siku nyingine.

Naweza kubaki Pangani nisirudi nanyi?

Unaweza, lakini mwambie mtu wa mkiani, uso kwa uso, kabla ya saa 9 alasiri. Usimtume mwenzako wala usiache ujumbe wa simu. Yeye ndiye anayehesabu vichwa, na hesabu isipotimia hatuondoki.